Mambo ya Nyumba: Tanuri la Gesi Linapogoma



Katika kitabu cha mwaka jana ukurasa huu ulizungumza juu ya mashine za kupoza hewa. Tangu hapo, kila nilipokutana na watu harusini au msibani, nimeambiwa neno lile lile: "Fundi, joto tumelizoea tangu kwetu. Tuandikie juu ya baridi." Ombi hilo ni la haki, na leo nalitimiza.

Texas husifika kwa jua, lakini wote tunafahamu kwamba baridi yake ikija huja bila hodi. Asubuhi watu wamevaa mashati, jioni upepo wa kaskazini umeingia na watoto wanatetemeka. Sisi wa Dallas na Fort Worth huwasha tanuri mara kwa mara tangu Novemba hadi Machi. Wenzetu wa Houston huliwasha siku chache tu kwa mwaka. Msidhani kwamba wao wamesalimika. Chombo kinachokaa miezi kumi bila kazi huota kutu, hujaa vumbi, na buibui hujenga ndani yake. Ndiyo maana simu nyingi ninazopigiwa kutoka Houston huja usiku wa kwanza wa baridi, na zote husema, "Lilikuwa zima mwaka jana."

Madhumuni yangu si kumfanya kila msomaji awe fundi wa gesi. Nataka ajue mambo matatu: yapi anaweza kuyafanya kwa mkono wake, yapi asiyaguse kabisa, na kwa nini tanuri huzimika lenyewe. Hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na nitalirudia hadi mnichoke.

TANURI LINAVYOFANYA KAZI

Nyumba nyingi za huku hazina chumba chini ya ardhi. Kwa hiyo tanuri huwekwa darini, au katika kijichumba kilicho kando ya ukumbi, au garaji. Ukilifungua mlango utaona bomba la gesi, vali, safu ya vichomeo vinavyofanana na vya jiko, na nyuma yake masanduku ya chuma ambayo nitayaita chemba. Moto huwaka ndani ya chemba. Moshi wake hupanda kwa bomba hadi juu ya paa. Chemba zikishapata moto, feni kubwa huvuta hewa ya nyumba, huipitisha nje ya chemba hizo, na kuirudisha vyumbani ikiwa ya moto.

Shikeni neno hili: hewa mnayoivuta na moshi wa moto havikutani hata mara moja. Kilichovitenga ni bati la chuma, nalo ni jembamba. Usalama wa nyumba nzima umekaa juu ya bati hilo na juu ya bomba la moshi lisiloziba.

Anayetoa amri ni thamostati, kile kidude cha ukutani. Huzungumza na tanuri kwa umeme mdogo wa volti 24 unaotoka kwenye transfoma. Kati ya amri hiyo na vali ya gesi zimewekwa swichi za usalama, moja baada ya nyingine, kama walinzi katika malango ya boma. Mmoja huangalia kama joto limezidi. Mwingine huangalia kama ndimi za moto zimetoka nje ya mahali pake. Katika matanuri ya miaka ya karibuni yupo pia anayeangalia kama moshi unatoka vizuri. Mlinzi mmoja akikataa, gesi hufungwa.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Tanuri likikataa kuwaka, fanya haya kwa utaratibu, wala usiruke hata moja. Nusu ya safari zangu zingeokolewa na orodha hii.

Kwanza, thamostati. Angalia kama imewekwa upande wa joto wala si wa kupoza, na kama namba uliyoweka imezidi joto lililomo chumbani. Kisha badilisha betri. Betri za dola mbili zimewahi kulaza baridi nyumba nzima.

Pili, umeme. Nenda kwenye boksi la umeme uone kama breka ya tanuri imeruka. Halafu tafuta swichi ya tanuri lenyewe, ambayo hufanana kabisa na swichi ya taa. Mtu hupanda darini kutafuta masanduku, na akishuka huizima akidhani amezima taa. Miezi sita baadaye baridi inaingia, na hakuna anayekumbuka.

Tatu, mlango wa tanuri. Nyuma yake kuna swichi ndogo inayobonyezwa na mlango ukifungwa sawasawa. Mlango ukilegea, tanuri huhesabu kwamba liko wazi na haliwaki.

Nne, chujio la hewa. Hapa ndipo penye kosa la kawaida kuliko yote. Chujio likijaa vumbi, feni hukosa hewa ya kuvuta, chemba hupata moto kupita kiasi, na mlinzi wa joto huzima gesi. Likipoa huwaka tena, kisha huzimika tena, hivyo hivyo usiku kucha. Badilisha chujio, na mara nyingi maradhi yamekwisha. Lile la karatasi nyembamba litazame kila mwezi katika majira ya matumizi.

Tano, gesi yenyewe. Mkono wa vali iliyo kwenye bomba ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi. Ukikatiza bomba, njia imefungwa. Angalia pia kama jiko la gesi au mtambo wa maji ya moto unafanya kazi. Kama vyote vimekufa, tatizo si la tanuri.

Sita, taa ndogo. Tanuri lisilo la zamani sana huwa na kitaa kinachomweka: mara tatu, mara nne, na kadhalika. Hesabu, kisha soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Tanuri linakuambia kwa hesabu ni mlinzi gani aliyekataa.

Nyongeza kidogo kwa wenzetu wa Houston: siku ya kwanza ya kuwasha mtasikia harufu ya vumbi linaloungua. Hiyo ni kawaida na huisha baada ya muda mfupi. Harufu isiyoisha si kawaida.

KIMOTO KISICHODUMU

Matanuri ya zamani, ambayo bado yako mengi katika nyumba tunazopanga na kununua, huwa na kimoto kidogo kinachowaka muda wote na kuwasha vichomeo vikubwa. Kando ya kimoto hicho imesimama ncha ya shaba au chuma iitwayo thamokapo. Kimoto kikiipasha, hutoa umeme mdogo sana, kiasi cha milivolti 25 hadi 30, nao hutosha kushikilia sumaku iliyo ndani ya vali. Kimoto kikizimika, ncha hupoa, sumaku huachia, na gesi hufungwa. Ni ufundi wa kale, na mzuri sana: moto wenyewe ndio unaojilipia ruhusa ya kuendelea kuwaka.

Kama kimoto kinawaka unapobonyeza kitufe na kufa unapoachia, mara nyingi thamokapo imechoka. Hii ni kazi ambayo mwenye nyumba makini anaweza kuifanya. Funga gesi kwenye vali na uzime umeme. Ngoja dakika tano nzima, na kama unasikia harufu ya gesi, acha kazi hiyo na utoke nje. Ikiwa hakuna harufu, fungua nati kwa spana, toa ya zamani, nenda nayo dukani ili upate yenye urefu ule ule, na uifunge mpya. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Ukikaza kwa nguvu za kufungua gurudumu la lori utaharibu vali. Hakikisha ncha imo ndani ya kimoto. Zungusha kitufe mahali pa kimoto, bonyeza, washa kwa kiberiti kirefu, endelea kubonyeza kwa dakika moja, kisha achia.

Kama kimoto kimedumu, mshukuru Mungu. Kama kimekufa tena baada ya thamokapo mpya, vali yaweza kuwa mbovu, au upepo unarudi kwa bomba la moshi na kukizima. Hapo weka spana chini.

Tazama pia rangi. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, na husimama wima. Moto wa njano, wenye kucheza na kuacha masizi, unakosa hewa ya kutosha, na moto unaokosa hewa hutengeneza sumu. Zaidi ya hayo, utazame moto wakati feni inapoanza. Kama ulikuwa umetulia, na feni ilipoanza ukayumba au kulamba nje, upepo wa feni huenda unaingia ndani ya chemba. Maana yake bati lile jembamba limepasuka.

UFUNDI WETU NA MIPAKA YAKE

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sisi ni watu wa jua kali. Tuliotoka Gikomba, Kariakoo, Kigoma au Bukavu tumekulia penye mafundi wanaofufua injini kwa waya na kipande cha raba. Uhodari huo umetulisha, na mimi siuonei haya. Gari likikataa kuwaka kwa sababu swichi imeharibika, fundi huunganisha nyaya mbili, gari likaondoka, na abiria wakafika.

Lakini tanuri si gari. Katika tanuri, kitu kilichozima moto mara nyingi ndicho kizima kuliko vyote. Mlinzi akifunga lango, si kwamba amelala; ameona mwizi. Ukiunganisha nyaya mbili zinazopita kwake ili moto uendelee, hukutengeneza kitu chochote. Umemfunga mlinzi kitambaa mdomoni.

Januari moja niliitwa katika nyumba ya mzee mmoja huko Arlington. Aliishi na mkewe, binti yao na wajukuu watatu. Aliniita kwa jambo dogo tu: feni ilikuwa inapiga kelele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Moto wenyewe hauna neno siku hizi, ni kelele tu. Lilikuwa linazimika kila baada ya dakika chache, nikamwita kijana akalitengeneza wiki iliyopita. Dola 150, na halijazimika tena."

Nikaletewa chai. Bibi akasema kwa kupita tu kwamba wajukuu wamekuwa wakiamka na kichwa kinauma, na mdogo ametapika, lakini wakifika shuleni huwa hawajambo. Yeye mwenyewe alikuwa na kizunguzungu tangu Jumamosi na alidhani ni shinikizo la damu. Nilikiweka kikombe mezani. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na wakapona kwa kutoka nje, si mafua hayo.

Nililifungua tanuri. Ndimi za njano zilikuwa zinatoka nje ya vichomeo na kulamba bati la mbele, ambalo lilikuwa jeusi kwa masizi. Swichi inayoangalia ndimi hizo ilikuwepo mahali pake, nzima kabisa, na nyaya zake mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa kipande cha waya. Kipimo changu cha hewa kilianza kulia nilipokuwa bado ukumbini.

Nilifunga gesi, nikawaambia wote watoke kama walivyo, na kutoka nje nikapiga 911. Mzee alisimama uani na blanketi mabegani, amekasirika.

"Mimi nimelipa pesa zangu. Watoto hawa watalala wapi? Nimekuita uondoe kelele, wewe umekuja kunizimia moto usiku wa baridi."

Mkewe ndiye aliyemjibu. "Baba watoto, moto huo ndio uliokuwa unatuzima sisi."

Watu wa zimamoto walipima na kuthibitisha. Bibi na wajukuu walipelekwa hospitali, wakapewa oksijeni, na kesho yake walirudi salama. Tanuri lilipofunguliwa lote, chemba moja ilikuwa na ufa wa kuweza kupitisha ukucha. Mashine ya kupoza hewa, ambayo katika nyumba nyingi za huku hukaa juu ya tanuri hilo hilo, ilikuwa ikidondosha maji juu ya chemba kila kiangazi kwa sababu bomba lake la maji limeziba. Kutu ikala bati, bati likapasuka, moto ukaanza kutoka nje, na swichi ikazima gesi kama ilivyotumwa. Kwa wiki nzima swichi ile peke yake ndiyo iliyokuwa inawatetea watu wale, hadi ilipofungwa mdomo kwa dola 150.

Tanuri jipya ni maelfu ya dola. Jamii ilichanga, kama tunavyochangia misiba, na ninaandika haya kwa furaha kwamba mara hiyo tulichanga kabla ya msiba. Mzee yule siku hizi haulizi mgeni habari za nyumbani kabla hajamuuliza kama ana king'ora cha kaboni.

HARUFU NA KISICHO NA HARUFU

Wengi huchanganya hatari mbili ambazo ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni gesi kuvuja. Gesi inayokuja kwa bomba, inayouzwa na Atmos Energy huko Dallas na Fort Worth na CenterPoint Energy kule Houston, kwa sehemu kubwa ni methani. Ni ndugu ya ile ya Songo Songo, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam. Methani ni nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda juu. Gesi ya mitungi tuliyoizoea nyumbani ni nzito, hutambaa chini kama maji na kutafuta moto mbali na pale ilipovujia. Wasomaji watakumbuka balaa la Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Kwa hiyo wenye mitungi nje ya mji wasifuate mazoea ya wenye bomba, wala wa bomba wasifuate ya wenye mitungi.

Methani kwa asili haina harufu. Ile harufu ya yai bovu huongezwa makusudi, na historia yake ni ya hapa hapa Texas. Tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, mashariki ya jimbo hili, ililipuka. Miezi michache kabla, ili kupunguza gharama, shule ilikuwa imeacha kununua gesi na kujiunganishia katika bomba la gesi ya mabaki ya visima vya mafuta. Gesi ikavuja chini ya sakafu, hakuna aliyeinusa, na cheche ya mashine katika karakana ya shule ikaiwasha. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikatunga sheria ya kutia harufu katika gesi. Kila unapoisikia harufu ile, kumbuka imenunuliwa kwa roho za watoto wa shule, na usiipuuze. Usiwashe taa wala kuizima, usipige simu ukiwa ndani, toa watu nje, na upige simu ukiwa mbali na nyumba. Kuchunguza uvujaji mdogo kwenye kiungo ni kwa maji ya sabuni yanayotoa mapovu. Anayechunguza kwa kiberiti hatakuwa na haja ya majibu.

Hatari ya pili ni kaboni monoksidi, sumu inayotoka katika moto unaoungua vibaya. Hii haina harufu, haina rangi, na hakuna sheria iliyoweza kuipa harufu. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha hulala. Watu wa Njombe, Lushoto na Limuru wanajua habari za waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke. Sumu ni ile ile. Dawa yake ni king'ora, na duka lolote la vifaa vya nyumba linakiuza. Weka kimoja karibu na vyumba vya kulala na kimoja katika kila ghorofa. Soma mwisho wake nyuma, maana king'ora nacho huzeeka.

FEBRUARI 2021

Sina haja ya kuwakumbusha, lakini kuna watoto watakaosoma kitabu hiki baadaye. Tarehe 16 Februari 2021 kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi Farenhaiti 2 chini ya sifuri, yaani kama Selsiasi 19 chini ya sifuri. Houston nayo iliganda. Umeme ulikatwa tangu usiku wa kuamkia tarehe 15, na mamilioni ya nyumba zikawa gizani. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246, wengi wao kwa baridi yenyewe.

Siku zile wengi waligundua kwamba tanuri la gesi bila umeme ni sanduku tu. Gesi ipo, lakini feni haizunguki na vali haifunguki. Kwa hofu, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wakawasha jenereta garaji, wakaketi ndani ya magari yanayounguruma milango imefungwa, na Houston hospitali zikajaa waliovuta kaboni. Miongoni mwao walikuwamo wahamiaji kama sisi, ambao jiko la mkaa ni kitu cha nyumbani.

Kwa hiyo nasema wazi: umeme ukikatika, kusanyikeni chumba kimoja, zibeni nyufa za mlango kwa nguo, valieni kila mlichonacho, na nendeni kwa mwenye umeme mapema kabla barabara hazijaganda. Jenereta ikae nje, futi 20 au zaidi kutoka mlango na madirisha. Mkaa usiingie ndani hata kwa dakika moja. Jiko la kupikia lisiachwe wazi kupasha nyumba.

Na kwa Houston neno moja zaidi. Tanuri lililozama katika mafuriko, kama yalivyozama mengi katika Harvey mwaka 2017, halikaushwi na kuwashwa tena. Vali na swichi zilizoingia maji hazitibiki kwa jua.

KUMWITA FUNDI

Kazi ya chemba, vali, bomba la gesi na bomba la moshi ni ya fundi mwenye leseni. Hapa Texas leseni za mafundi wa joto na baridi hutolewa na idara ya jimbo iitwayo TDLR, na namba ya kampuni huanza na herufi TACL. Iombe kabla hajafungua bisibisi. Mwenye nayo haoni haya kuitaja. Mwambie apime kaboni monoksidi mbele yako na akuonyeshe namba. Akisema chemba imepasuka, mwambie akuonyeshe ufa kwa macho, maana wapo wanaouza matanuri mapya kwa maneno matupu. Gesi ifungwe kwanza, kisha utafute fundi wa pili athibitishe. Lakini usimtafute wa tatu kwa sababu tu wawili wamekuambia usilolipenda.

Wapangaji: tanuri ni la mwenye nyumba, na kulitengeneza ni juu yake. Mwandikieni kwa maandishi, mwekeni nakala na tarehe. Msilifungue wenyewe, wala msikubali kuletewa mtu wa kuunga waya. Mwenye shida ya fedha apige 211 aulize misaada iliyopo, na aiambie kamati yetu pia. Hakuna aibu.

Mwisho, ombi langu. Kabla Oktoba haijaisha, kila nyumba ibadilishe chujio, ifagie sehemu iliyo mbele ya tanuri, ijaribu king'ora kwa kubonyeza kitufe, na iwashe tanuri kwa saa moja mchana, madirisha yakiwa wazi, mtu akiwa macho. Wazee wanaoishi peke yao wafanyiwe na vijana wa mtaa wao. Likizimika, lisikilizeni.

Tukijaaliwa, mwaka ujao nitaandika juu ya mabomba ya maji na namna ya kuyazuia yasipasuke kwa barafu.

Wasalaam,
Fundi wenu